Aliyeficha nyumba kwa jina la mpwa wake

Jumapili mbili zilizopita nimejilaza zangu baada ya kula, simu yalia, ami. Sasa ami wangu si mtu wa kupiga simu Jumapili mchana, na akipiga lazima aanze na hali ya mamangu, goti la mamangu, watoto wasoma vipi, mvua imenyesha huko kwenu ama bado, ndo aje kwenye jambo lake. Siku hiyo hata salamu ya maana hakuna. "Wewe si wafanya kazi kwa wakili, njoo hapa nyumbani nikuulize kitu, na uje peke yako."

Niseme mapema, mie si wakili. Ni karani, mwaka wa kumi na moja huu, natayarisha mafaili, napeleka karatasi kortini na rejista ya ardhi, naambiwa "njoo kesho" na mtu wa dirishani. Lakini ukiishi na hukumu za watu miaka yote hiyo utazisoma tu, mie huzisoma saa ya lanchi kama wenzangu wanavyosoma habari za mpira, na kuna aina moja ya kesi huwa hainichoshi, zile za mtu aliyemwandikia mwenziwe mali kwa njama fulani alafu njama ikaisha mali haikurudi. Sikudhani iko siku nitaisikia kwa ami yangu mwenyewe.

Basi nikaenda. Stori ni hii (ameniruhusu kuisimulia mradi nisimtaje, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha).

Ami alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, saruji, mabati, misumari, rangi. Mali nyingi alichukua kwa deni, auze ndo alipe. Ukaja mwaka 2017, mwaka wa ule uchaguzi uliorudiwa, watu hawajengi, kila mtu amekaa anangoja aone itakuwaje, duka likakauka. Aliyekuwa akimletea saruji anataka pesa zake, karibu milioni mbili na nusu, barua za wakili zikaanza kuingia. Na ami ana nyumba moja tu duniani, aliijenga mwenyewe chumba kwa chumba miaka kumi na tano, na ndo humo tulimokuwa tumekaa tukinywa kahawa. Akapata ushauri wa barazani (washauri wa barazani, Mungu atunusuru nao) kwamba iandike kwa jina la mtu mwingine, madalali wa korti wakija wakute si yako. Akamwandikia mpwa wake, mtoto wa shangazi yangu. Fomu ya uhamisho ikaandikwa nyumba imeuzwa kwa milioni tatu. Haikutoka hata shilingi moja kwa mpwa. Iliyotoka ni ya ami, ushuru wa stempu asilimia 4, laki moja na ishirini elfu, akailipa serikali kwa mauzo ambayo hayakuwepo.

Kisha mambo yakatengenea. Mwenye saruji akaja wakakaa, wakaelewana ami alipe kidogo kidogo, na akalipa mpaka shilingi ya mwisho mwaka 2021. Yule mtu hakuwahi hata kujua nyumba ilihamishwa, hakuiulizia, hakufika huko. Hilo lishikeni, lina kazi yake mbele.

Ami akamwambia mpwa, haya mwanangu, twende rejista turudishe jina. Mpwa akasema atatafuta nafasi. Ikaja Ramadhani, ikapita, mke wake akajifungua, ikapita, alafu simu ikawa haishikwi. Mwaka huu mwezi wa pili akaja na bwana mmoja wa viatu vya kuchongoka, wakaanza kupima vyumba kwa futi. Dalali wa nyumba. Ami akauliza huyu ni nani, mpwa akamjibu kwa adabu kabisa, "Mjomba, si uliniuzia?"

Nikamuuliza ami kitu kimoja tu. Umesimama mbele ya jaji, wakili wa upande wa pili akuuliza, mzee, hii sahihi ni yako? Ni yangu. Hapa umeandika umepokea milioni tatu, ulizipokea? Sikupokea. Sasa mbona ulitia sahihi? Utamjibu nini? Ami akanyamaza, akawa azungusha kikombe kwenye kisahani mpaka mkewe akachungulia mlangoni akadhani tunataka kahawa nyingine.

Manake hapo ndo pana shida yote. Ili aipate nyumba yake itabidi aseme, mheshimiwa, mie nilikuwa mwongo.

Kwa kawaida sheria haidhani kwamba watu hugawa mali bure. Ukitoa pesa wewe nyumba ikaandikwa kwa jina langu, na hakuna dalili kwamba ulinipa zawadi, mahakama itachukulia nimekushikia tu. Jina langu, mali yako. Amana, sisi twalijua neno hilo kabla ya wakili yeyote kutufundisha. Waingereza walikuwa na mahakama zao za insafu, yaani za haki na uadilifu pale sheria kavu haitoshi, zilizoyalea haya mambo karne na karne, na kwetu yakaja na meli pamoja na ukoloni, mpaka leo sheria yetu ya mahakama Kenya inasema tutatumia kanuni za insafu na sheria za Uingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali za watu wa hapa zinavyoruhusu. Uganda tarehe yao ilikuwa 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920. Kila mtu na siku yake aliyosimamishiwa saa. Na sheria yetu ya usajili wa ardhi ya 2012 inakubali kabisa kwamba amana, hata za kimila, zinaifunga ardhi bila kuandikwa kwenye rejista, kwa hivo mpwa kusema "taito ina jina langu" hakumalizi maneno.

Lakini insafu ina sharti, uje na mikono safi. Mwaka 1775 jaji mmoja mkubwa wa London, Lord Mansfield, kwenye kesi ya deni la chai iliyouzwa Dunkirk ikijulikana itaingizwa Uingereza kwa magendo, aliiweka wazi kwamba mahakama haitamsaidia mtu ambaye dai lake limesimama juu ya tendo la haramu. Si kwamba yule mwingine anapendwa, alisema, anafaidika kwa bahati tu. Yaani nyote wawili wachafu, basi aliyeshika na aendelee kushika. (Kwenye kesi yenyewe muuza chai alilipwa, kwa sababu biashara yake ilikwisha kule kule Ufaransa na magendo hayakumhusu. Nacheka kila nikikumbuka, kanuni imezaliwa kwenye kesi ambayo haikutumika.) Miaka hamsini kabla ya hapo majambazi wawili wa barabarani walifikishana kortini, mmoja adai mwenziwe hakumgawia sawa faida ya "biashara" yao, wameandika kwa lugha ya ushirika wa kibiashara, heshima tupu. Dai likatupwa, mawakili wa yule aliyeshtaki wakapigwa faini, na hao wawili baadaye wakanyongwa wote.

Jambazi kutupiwa kesi hakumuumizi mtu. Shida ni kwamba kanuni hiyo hiyo ikaja kukaa juu ya nyumba za watu, mama na mtoto, mume na mke, mtu na mpwa wake, na huko ikaanza kutoa majibu ya ajabu.

Chukua kesi ya Uganda, ndo naipenda kuliko zote. Serwano Kulubya, mtu mkubwa, aliwahi kuwa Omuwanika yaani mweka hazina wa Buganda, alikuwa na ardhi ya mailo (ndo wanavyoita kule ardhi ya mtu binafsi yenye hati) akamkodisha Mhindi mmoja, Mistry Amar Singh. Wakati ule wa ukoloni Mwafrika wa Buganda hakuruhusiwa kumkodisha asiye Mwafrika bila idhini ya Gavana na ya Lukiiko, baraza la Buganda, na idhini hizo hazikuwepo. Kwa hivo mkataba haramu, aliyekodisha amekosa na aliyekodi amekosa. Baadaye Kulubya akataka ardhi yake, mpangaji hatoki, wakaenda kortini, kesi ikapanda mpaka Privy Council, korti ya mwisho ya rufaa za makoloni kule London, mwaka 1963, Uganda ishapata uhuru. Mpangaji asema wewe huwezi kusaidiwa, mkataba wako ni wa haramu. Majaji wakasema ngoja kwanza. Huyu hategemei mkataba hata kidogo. Yeye asema ardhi ni yangu, jina langu hili hapa kwenye rejista, toka. Anayehitaji mkataba ni wewe ili uonyeshe kwa nini uko hapo, na mkataba wako haufai kitu. Tena sheria yenyewe iliwekwa kuwalinda Waafrika kama yeye. Kulubya akashinda. Hilo la sheria kumlinda mmoja kati ya wawili lishatokea Kampala kabla yake, mpangaji alitozwa kilemba, yaani pesa za juu mbali na kodi, shilingi 10,000 ili apewe fleti, kilemba kilichokatazwa na sheria ya kodi za nyumba, Privy Council ikasema arudishiwe, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyekatazwa kutoza na mpangaji ndiye aliyekuwa akilindwa, makosa yao hayakuwa na uzito mmoja.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja, 1962, baraza lile lile la majaji, kesi kutoka Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Mzee mmoja ana ekari 99 za miti ya mpira. Ukipita ekari 100 uzalishaji wako wapimwa kwa njia nyingine, wazuiwa zaidi. Akanunua ekari 40 nyingine akaziandika kwa jina la mwanawe ili kwenye vitabu aonekane hajapita. Baadaye azitaka, mwana akakataa. Baba akashindwa. Kwa nini? Kwa sababu baba akimwandikia mwanawe mali sheria hudhani ni zawadi, na ili kuivunja hiyo dhana ilibidi baba afungue mdomo aeleze aliwadanganya vipi maofisa, na akifungua tu amejimaliza. Mwana akachukua ekari 40 za mpira kwa kazi ya kukaa kimya.

Kanuni moja, na ukiikaza macho waona haiangalii nani amekosa zaidi, yaangalia nani amelazimika kutaja kosa lake kwanza. Kwangu mie hiyo ni bahati nasibu iliyovaa joho.

Na 1993 ikafika kileleni. Wanawake wawili Uingereza, wapenzi, walinunua nyumba pamoja wakawa wapangisha vyumba, kesi inajulikana kama Tinsley na Milligan. Pesa za wote wawili, jina la Tinsley peke yake, makusudi ili Milligan aonekane hana nyumba aende kuchukua pesa za msaada wa serikali. Na wakazichukua miaka. Baadaye Milligan roho ikamsuta, akaenda mwenyewe akakiri kwa wenye ofisi. Wakagombana, Tinsley akahama, alafu akashtaki, nyumba ni yangu huyu atoke. Milligan akasema nusu ni yangu. Majaji watano wa juu kabisa wakagawanyika, watatu kwa wawili, Milligan akashinda. Sababu sasa, si kwamba alitubu, hapana. Sababu ni kwamba yeye aliweza kusema "nilitoa pesa" akanyamaza hapo, dhana ya amana ikamfanyia kazi bila kutaja ulaghai. Kama Milligan angekuwa ni baba na Tinsley ni binti yake, Milligan angepoteza kila kitu, kwa ulaghai ule ule, wa pesa zile zile.

Mabwana wa zamani walilipata hilo pia. 1918, mume alikodi kiwanja kwa jina la mkewe akajenga nyumba juu yake, lengo kuwakimbia wadai, mke anajua na ameridhika. Walipoachana mume akasema hiyo ni yangu nilikuwa nimeificha. Haya, umeificha kwa nani? Kwa mke. Kumpa mke hudhaniwa zawadi. Mke akabaki nayo.

Nilipofika hapo ami akashusha pumzi, akasema basi mie afadhali, yule si mwanangu ni mpwa tu. Nikamwambia pole pole. Dhana ya zawadi haiko kwa baba na mwana peke yao, iko pia kwa yule aliyesimama mahali pa baba. Na yule kijana babake alikufa akiwa darasa la tatu, aliyemlipia skuli ni nani? Aliyemfanyia harusi? Ami akaniangalia. Siku ile ndo nilielewa hiyo kanuni ya zamani ilivyo mbaya, manake kila wema aliomfanyia yule mtoto wakili wa pili ataugeuza msumari. Angemwandikia jirani asiyemjua vizuri angekuwa salama zaidi.

Lakini sikumwacha hapo. Nikamwambia kuna kesi yako, ami, kama imeandikwa juu yako.

Hukumu ya 1995 Uingereza. Mzee ana kampuni ya familia, hisa 459 kati ya 500 ni zake. Alikuwa amekodi maduka, mwenye majumba akamletea madai makubwa ya ukarabati, mzee akaogopa atafilisika. Akazihamisha hisa kwa mwanawe, karatasi zikasema zimeuzwa kwa pauni 78,030. Mwana hakulipa hata pauni. (Hapo ami akapiga goti lake, "Subhanallah.") Mambo na mwenye majumba yakaisha kwa amani, hakuna mdai aliyedanganywa kwa zile hisa. Mzee akasema nirudishie. Mwana akasema si uliniuzia, na kama hukuniuzia basi ni zawadi, mie ni mwanao, na ukisema ulikuwa unawaficha wadai mikono yako michafu. Majaji wa rufaa wakampa baba. Wakasema kweli nia ilikuwa mbaya, lakini ile nia mbaya haikutekelezwa, hakuna mdai aliyeumia, amejitoa kabla uovu haujazaa, mlango wa kurudi nyuma bado ulikuwa wazi. Kwa hivo aliruhusiwa kuueleza uongo wake wote na bado akashinda.

Ndo nikawaambia pale juu mshike lile la mwenye saruji. Kama mwenye saruji angefika kortini akaambiwa mdaiwa hana nyumba, akakata tamaa akakubali nusu ya deni, kesi ya ami ingekuwa imekufa. Alilipwa yote, hajui chochote, na ami ana karatasi aliyotiliana sahihi naye siku ya malipo ya mwisho. Hiyo karatasi ina thamani kuliko mashahidi kumi wa barazani.

Waaustralia kwa upande wao walichoka na hii michezo mapema. Mwaka huo huo wa 1995, mama mjane wa mwanajeshi alinunua nyumba akaiandika kwa majina ya watoto wake, ili akija kununua nyingine aseme hana nyumba apate mkopo wa bei nafuu wa wajane wa vita. Akasema hivo, akaupata. Nyumba ya kwanza ilipouzwa binti akasema fungu langu nilipewa zawadi. Mahakama kuu yao ikasema mali ni ya mama, amekosa lakini kumnyang'anya nyumba nzima kwa uongo ule ni adhabu kubwa kuliko kosa, na binti hakufanya lolote la kustahili zawadi hiyo. Ila mama hapati bure, ile faida aliyoila kwa serikali airudishe kwanza. Mie nilipoisoma mara ya kwanza niliacha chapati ikapoa. Mbona ni rahisi hivo? Ulimwibia nani? Mlipe huyo. Alafu shika chako.

Uingereza wenyewe wakaja kubadilika 2016. Patel alimpa Mirza pauni 620,000 acheze kamari kwenye bei ya hisa za benki ya RBS, kwa habari za ndani ambazo Mirza alisema angezipata kabla ya tangazo la serikali. Hiyo ni jinai. Habari hazikuja, kamari haikuchezwa, na Mirza hakurudisha pesa. Majaji tisa waliketi, wote tisa wakasema arudishe, ingawa hawakukubaliana njia. Wengi wakaitupa ile hesabu ya nani kataja kosa kwanza, wakasema tuangalie katazo liliwekwa kwa ajili ya nini, tuangalie faida nyingine za umma zinazoguswa tukimkatalia mtu, alafu tupime kama kumkatalia kunalingana na kosa lake. Wako waliolalamika kwamba sasa kila kitu kimekuwa mzani wa jaji, hujui utaangukia wapi. Ni kweli. Lakini ile ya zamani nayo ulijua? Ulijua tu kwamba ukitaka kumtapeli mtu aliyejificha, hakikisha ni babako.

Kenya korti zetu hazifungwi na hukumu ya Uingereza ya 2016, huzisoma tu kama ushauri. Jaji anaweza kuifuata, anaweza kushika ya kale. Kwa hivo sikumuahidi ami kitu.

Na msidhani haya ni ya wazee wa maduka peke yao. Teremka Diani, Malindi, Watamu, uhesabu nyumba zilizojengwa kwa pesa ya mzungu kwa jina la mpenzi wa hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, asiye raia hapati ardhi isipokuwa kwa kukodi, na si zaidi ya miaka 99. Na waliotunga walijua watu watajificha nyuma ya amana, wakaandika kabisa kwamba mali iliyo ndani ya amana itahesabiwa ya raia pale tu ambapo wafaidika wote ni raia. Sasa mzungu aliyeandika ploti kwa jina la mpenzi ili apate umiliki usio na mwisho, siku wakikosana atasema ni amana yangu? Akisema hivo amesema mwenyewe kwamba alikwepa katiba. Wakiwa wameoana rasmi angalau kuna sheria ya mali ya ndoa ya 2013, mali ya ndoa ikiwa kwa jina la mmoja hudhaniwa amemshikia na mwenziwe, mpaka ithibitishwe vinginevyo, lakini hata hapo sioni mahakama itampa umiliki ambao katiba imemnyima. Bara Tanzania nako asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, na michezo ya kutumia jina la mke au rafiki naskia ni ile ile.

Wa mwisho kujificha nyuma ya jina la mtu ni wale wa pesa za umma, na hao sina huruma nao. Sheria yetu ya ufisadi ya 2003 inasema ukishindwa kueleza mali zako, zitahesabiwa pamoja na zile ulizowekewa na mtu mwingine kwa niaba yako na zile ulizomgawia bila malipo ya maana. Hapo serikali haiulizi nani ana mikono safi. Inalipasua jina inachukua.

Kwa ami nilifanya ninachoweza kufanya karani. Nilimpeleka kwa wakili kesho yake, si bosi wangu, manake bosi wangu aliwahi kumfanyia mpwa kazi ndogo na haifai. Wakili akaweka zuio rejista ili nyumba isiuzwe wakati tunajipanga, yule bwana wa viatu vya kuchongoka hajaonekana tena. Akamuuliza ami ana nini cha kuonyesha. Ami akatoa bahasha ya kaki, risiti za reti za kaunti tangu 2017 mpaka mwaka huu, jina juu ni la mpwa, aliyelipa ni ami, kila moja. Risiti ya paa alilobadilisha 2019. Risiti ya ule ushuru wa stempu. Na ujumbe mmoja wa simu wa mpwa wa mwaka 2018, ami hakujua hata kama una maana, "Mjomba usijali, nyumba yako iko salama kwangu." Wakili aliusoma mara mbili, akaomba simu akaupiga picha.

Akamwambia pia ukweli mwingine, kwamba kwenye afidaviti, kile kiapo cha maandishi, itabidi aandike yote, kwa nini alihamisha, alimwogopa nani, na kwamba ile milioni tatu ilikuwa uongo, asifiche hata chembe, jaji akimkamata na uongo wa pili hakuna kesi ya kumsaidia. Ami alisema sawa. Lakini kuandika hakujaanza, wiki hii amesema ana mafua, wiki iliyopita alisema ana mgeni.

Ijumaa tulitoka msikitini pamoja, tukatembea mpaka kwa muuza madafu, hakusema neno. Tukisimama pale akaniuliza, "Yule mzee wa hisa, alirudishiwa?"

Nikamwambia alirudishiwa.

"Na mwanawe, walizungumza tena?"

Nikamwambia hukumu haiandiki hayo. Akalipa madafu yote mawili, akasema Jumatatu ataanza kuandika.